Tenisi ya Ngazi ya Chini: Gulio Ambalo Wauzaji Wengi Hurudi na Hasara

Mfanyabiashara wa mahindi anayetoka Mazingara kupeleka magunia yake Korogwe huanza kutoa fedha kabla hajapokea hata senti moja. Hulipa gari, hulipa vibarua wa kupakia na kushusha, hulipa ushuru, na usiku ukimkuta njiani hulipa kitanda cha gesti na sahani ya wali. Akifika akakuta soko limefurika, huuza kwa bei ya kutupa. Hakuna anayemrudishia nauli.

Wasomaji wa Handeni na Korogwe hawahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Ila huenda wakashangaa kusikia kwamba wapo watu wenye pasipoti, raketi sita begani na jina kwenye orodha ya dunia ambao wanaishi kwa hesabu hiyo hiyo, wiki baada ya wiki. Hao ni wacheza tenisi wa kulipwa wa ngazi za chini, na magulio yao mara nyingi hufanyika katika viwanja vya vyuo vikuu.

Umma unaijua tenisi kwa Wimbledon na kwa mamilioni yanayotangazwa kila Julai. Huo ni ukumbi wa juu kabisa wa jengo. Chini yake yapo mashindano ya kawaida ya ATP kwa wanaume na WTA kwa wanawake, chini ya hayo yapo mashindano yaitwayo Challenger, na chini kabisa, karibu na sakafu, yapo mashindano ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, ambayo fungu lake lote la zawadi laweza kuwa dola 15,000 za Marekani. Mchezaji hawezi kuruka ngazi. Ili aingie ukumbi wa juu lazima awe na pointi, na pointi za kuanzia zinapatikana sakafuni.

BEI ZA SAKAFUNI

Katika mashindano ya wanaume ya dola 15,000, mgawo uliotumika kwa miaka mingi ni huu. Bingwa alichukua dola 2,160. Aliyeshindwa fainali, 1,272. Walioishia nusu fainali walipata 752 kila mmoja, robo fainali 438, mzunguko wa pili 258. Waliotolewa mzunguko wa kwanza walipewa dola 156. Kiasi kinachobaki kiliwaendea wanaocheza wawili wawili. Msomaji na apige hesabu kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku anayosoma, lakini jambo la kushika ni idadi: kati ya wachezaji 32 wanaoanza, 16 wanaondoka na hizo 156. Na hapo kodi ya nchi husika haijakatwa. Wale waliocheza mechi za mchujo wakashindwa kuingia kati ya hao 32 hawamo kabisa katika hesabu hii.

Kwa dola 156 mtu hawezi kulala wiki nzima katika miji mingi ya Ulaya au Marekani, sembuse kulipa ndege. Bado kuna chakula, nyuzi za raketi zinazokatika, na kocha kama anaye. Wengi hawana. Hujipigia mpira ukutani au hukubaliana na mpinzani wa jana wafanye mazoezi pamoja leo.

ITF wenyewe walifanya utafiti kuhusu jambo hili, wakatumia takwimu za mwaka 2013. Walikuta wachezaji wapatao 14,000 wakishindana katika ngazi ya kulipwa, na karibu nusu yao hawakupata hata senti mwaka ule. Gharama ya wastani kwa mwaka, bila kuhesabu kocha, ilikuwa dola 38,800 kwa mwanamume na 40,180 kwa mwanamke. Waliofikia mahali ambapo mapato yanalingana na matumizi walikuwa wanaume 336 na wanawake 253 tu. Wengine wote walikuwa wakila mtaji, na mtaji wenyewe ni wa baba, wa mjomba, wa mfadhili, au wa mkopo.

Wakulima wa mkonge wa Korogwe wanayo habari inayofanana na hii. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilipofika Hamburg iliyokuwa hai ilikuwa takriban 200, na iliyofika pwani ya Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Mashamba yote ya mkonge ya mkoa yalianzia hapo. Hindorf hakuweza kujua mapema ni miche ipi 62 kati ya ile elfu itakayopona. Katika tenisi hali ni hiyo, isipokuwa kwamba kila mche hujilipia nauli yake mwenyewe.

MJI WA MAHINDI NA CHUO CHAKE

Kilomita zipatazo 220 kusini mwa Chicago ipo miji miwili iliyoshikana, Champaign na Urbana, katikati ya mashamba ya mahindi na soya. Ni nchi ya mahindi yale yale ambayo bei yake katika soko la Chicago hutazamwa na wanunuzi wa nafaka duniani kote. Katikati ya miji hiyo kipo Chuo Kikuu cha Illinois, na chuo hicho kina jumba la tenisi, Atkins Tennis Center, lililofunguliwa mwaka 1991. Kila Novemba, baridi ikiwa imeanza kuuma nje, ndani ya jumba hilo huchezwa mashindano ya Challenger ambayo yalianza katika miaka ya 1990.

Mwenye biashara atauliza: chuo kinapata nini? Mauzo ya tiketi katika ngazi hii si ya kutegemewa. Televisheni za dunia haziji kugombea haki za matangazo. Na mwenyeji analazimika kutoa mengi: fungu la zawadi, posho za waamuzi, mipira, daktari, na katika Challenger pia malazi ya wachezaji waliomo katika orodha kuu.

Jibu ni kwamba chuo kinayo tayari vitu vile ambavyo mwenyeji mwingine angevikodi. Viwanja vimekwisha kujengwa na vinatumika mwaka mzima kwa timu ya chuo. Taa zipo, vyumba vya kubadilishia nguo vipo, na wanafunzi wa kusimamia milango na kuokota mipira wapo. Gharama kubwa ya mtaji ililipwa zamani, kwa shughuli nyingine. Ni kama mwenye ghala Mkata ambaye msimu wa mahindi umepita: ghala likikaa tupu halimwingizii kitu, akimkodisha mtu kwa wiki moja, hata kwa bei ndogo, ni faida.

Aidha, mwenyeji hupewa nafasi chache za upendeleo, yaani haki ya kumwingiza mchezaji ambaye pointi zake hazitoshi. Chuo huweza kumpa mwanafunzi wake nafasi hiyo. Kijana ambaye angetumia fedha nyingi kwenda Uturuki kutafuta pointi moja anaipata hatua chache kutoka bwenini. Kocha anayetafuta vijana wa kujiunga na chuo chake anakuwa na maneno ya kuwaambia, na maneno hayo yana thamani. Chini ya kocha Craig Tiley, mzaliwa wa Afrika Kusini, Illinois ilichukua ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 2003 ikiwa haijafungwa mechi hata moja kati ya 32. Tiley baadaye alikwenda Australia na kuwa mkurugenzi wa Australian Open. Mwenzake wa Afrika Kusini, Kevin Anderson, aliyesoma na kucheza hapo Illinois, alifika fainali ya US Open 2017 na ya Wimbledon 2018. Fainali hizo mbili alishindwa zote, lakini hakuna aliyekwenda kumlilia.

Upande wa udhamini nao unafundisha. Kwa miaka kadhaa mashindano ya Champaign yalibeba jina la JSM, kampuni ya majengo ya hapo mjini. Baadaye yakabeba jina la Paine Schwartz Partners, kampuni inayowekeza katika chakula na kilimo. Hakuna kati yao inayouza raketi. Mmoja anauza nyumba katika mji wenye wanafunzi wengi, na mwingine anataka jina lake lionekane mahali ambapo kilimo ndicho maisha. Mdhamini wa gulio dogo hununua wateja wa eneo lile, hanunui dunia.

WIKI TATU ZA NOVEMBA 2022

Kuna kisa kimoja ambacho wapenda tenisi hukisimulia kila wanapotaka kueleza kwa nini watu wanaendelea kwenda katika magulio haya. Ben Shelton alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Florida, bingwa wa vyuo kwa mwaka 2022, na Agosti mwaka huo akaacha tenisi ya chuo kuingia ya kulipwa. Novemba akacheza Challenger tatu mfululizo: Charlottesville katika jimbo la Virginia, Knoxville katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Tennessee, na Champaign. Zote tatu alishinda.

Fainali ya Champaign ilikuwa na utamu wake. Mpinzani alikuwa Aleksandar Vukic wa Australia, ambaye naye alisoma Illinois na kulijua jumba hilo kama kiganja chake. Shelton alipoteza seti ya kwanza 0-6. Kisha akashinda 6-3 na 6-2.

Tazama risiti. Kila ubingwa ulimpa dola 7,200, jumla 21,600 kwa wiki tatu za kushinda bila kushindwa hata mechi moja. Kwa mtu wa kawaida ni fedha nyingi. Kwa mchezaji anayelipa kocha na ndege si za kujengea nyumba. Lakini kila ubingwa pia ulimpa pointi 80, jumla 240, na pointi hizo ndizo zilizompandisha hadi ndani ya 100 bora wa dunia. Mwenye nafasi hiyo huingia mashindano makubwa bila mchujo. Januari 2023 Shelton alikwenda Australian Open, akafika robo fainali, na robo fainali ya mwaka ule ililipa zaidi ya dola 500,000 za Australia. Septemba akafika nusu fainali ya US Open.

Hivyo bidhaa inayouzwa Champaign si zile dola. Dola ni mchele wa njiani. Bidhaa ni pointi, na pointi haziuzwi wala hazikopeshwi. Zina tabia nyingine inayoudhi: baada ya wiki 52 zinafutika. Aliyezipata Novemba lazima azirudishe Novemba ijayo, la sivyo jina lake linashuka. Ni hisa ambayo kila mwaka lazima uinunue upya.

Ni kweli kwamba wakubwa wa mchezo wamejaribu kupunguza makali. Kuanzia mwaka 2024 ATP ilianzisha kwa majaribio ya miaka mitatu mpango wa kuhakikisha kipato cha chini: dola 300,000 kwa mwaka kwa walio ndani ya 100 bora, 150,000 kwa nafasi ya 101 hadi 175, na 75,000 kwa nafasi ya 176 hadi 250. Mpango mzuri kwa wanaume 250. Aliye nafasi ya 400 hautamgusa.

BINTI WA NAIROBI

Kwa Afrika Mashariki habari hii ina sura ya mtu mmoja, Angella Okutoyi wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 2004 na kulelewa na bibi yake Nairobi. Januari 2022 alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda mechi ya Australian Open ya vijana. Julai mwaka huo huo, akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alichukua ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon. Kisha akafanya uamuzi ambao mfanyabiashara yeyote angeuelewa: badala ya kuzunguka dunia kwa fedha ambazo hakuwa nazo, alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, ambako masomo, kocha na viwanja vinatolewa na chuo.

Machi 2024 alishinda medali ya dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Dhahabu hiyo ilifungua mlango wa Olimpiki ya Paris, lakini kwa sharti kwamba mchezaji awe ndani ya 400 bora wa dunia ifikapo Juni. Okutoyi hakuwa ndani ya idadi hiyo, na Paris hakwenda. Alikuwa bingwa wa bara zima, na alikosa nafasi kwa sababu ya pointi ambazo huokotwa katika mashindano ya dola 15,000 na ya daraja linalofuata.

Hapo ndipo jiografia inapouma. Mashindano ya sakafuni hayajatawanyika sawasawa. Wiki nyingi za mwaka yanapatikana Monastir nchini Tunisia, Antalya nchini Uturuki na Sharm el-Sheikh nchini Misri. Si kwa sababu miji hiyo ina mapenzi makubwa na tenisi. Ni hoteli. Mchezaji, kocha na mzazi wanalala na kula hapo hapo wiki nzima, na katika msimu ambao watalii ni wachache vyumba vinajaa. Mwenye hoteli anarudisha fungu la zawadi kupitia vitanda na meza za chakula. Hiyo ni biashara safi, na ndiyo njia ya pili ya kuendesha gulio la tenisi, ile ya chuo ikiwa ya kwanza. Kwa mchezaji wa Nairobi au Dar es Salaam, zote mbili ziko mbali.

Chuo nacho kina masharti yake. Kwa miaka mingi kanuni za vyuo vya Marekani zilimbana mwanafunzi kuhusu zawadi za fedha: achukue za kufidia gharama, nyingine aziache. Machi 2024 Reese Brantmeier, mchezaji wa Chuo Kikuu cha North Carolina, alifungua kesi kupinga kanuni hizo. Hoja yake ilikuwa rahisi, kwamba aliyeuza jasho lake anastahili bei yake.

MNUNUZI ASIYEONEKANA

Yupo mteja mmoja wa magulio haya ambaye haketi uwanjani, naye ni mcheza kamari. Mwaka 2015 ITF iliingia mkataba wa dola milioni 70 kwa miaka mitano na kampuni ya Sportradar kuhusu matokeo ya papo kwa papo, hata ya mechi za sakafuni. Kwa mkataba huo, mechi iliyotazamwa na mzazi mmoja na mbwa wa jirani iliweza kuwekewa dau na mtu aliye nchi nyingine kabisa, pointi kwa pointi.

Tume huru iliyochunguza uadilifu wa tenisi ilitoa ripoti yake mwaka 2018. Iliwahoji wachezaji zaidi ya 3,200, na asilimia 14.5 kati yao walisema wanajua kwa macho yao wenyewe habari za mechi kupangwa. Tume iliona kwamba uovu umejikita zaidi katika ngazi za chini, na ikataja mambo ambayo mfanyabiashara angeyakisia bila tume: wachezaji wengi mno, wachache mno wanaopata faida, na matokeo yanayouzwa kwa wachezesha kamari.

Jambo hili linawahusu wasomaji moja kwa moja, maana vibanda vya kubeti vimefika hata vituo vidogo vya barabara ya Segera. Mtu anayeweka fedha zake katika mechi ya tenisi ya majina asiyoyajua anabashiri juu ya kijana ambaye akishindwa leo analipwa dola 156. Kuna mtu mwingine, mahali pengine, ambaye huenda amemwahidi kijana huyo zaidi ya hizo ili ashindwe seti moja tu. Ni kununua gunia bila kulifungua, kutoka kwa muuzaji ambaye umeambiwa mapema kwamba ana njaa.

NANI ANAWEZA KUANDAA

Mwaka 2024 Kigali iliandaa Challenger za ATP kwa wiki mbili mfululizo, katika viwanja vya Ecology Tennis Club. Nairobi nayo imekuwa mwenyeji wa mashindano ya ITF. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema jambo hili ni la wazungu peke yao.

Kwa Tanzania, klabu kama Gymkhana ya Dar es Salaam ina viwanja na ina historia. Swali ni kama chuo kikuu kimojawapo kinaweza kufanya kama Illinois kwa kipimo kidogo: viwanja vinavyotumiwa na wanafunzi mwaka mzima, vikakodishwa kwa dunia wiki mbili wakati wa likizo, vyumba vya wanafunzi vikiwa wazi. Fungu la dola 15,000 si fedha ya kutisha kwa benki au kampuni ya simu. Kinachotisha ni vile vitu vidogo: mwamuzi mkuu mwenye cheti, sakafu ya uwanja iliyo sawa, umeme usiokatika, na malipo ya wachezaji kutoka siku ile ile waliyoambiwa. Mashindano yakichelewesha zawadi mwaka mmoja, habari husambaa vyumba vya kubadilishia nguo vya mabara yote, na mwaka wa pili wanakuja wachache.

Mwekezaji mdogo asitazamie kununua hisa za gulio kama hili. Fungu lake liko pembeni: vitanda, chakula, usafiri wa kutoka uwanja wa ndege, kufua nguo, kufunga nyuzi za raketi. Wachezaji 32 wa orodha kuu, wa mchujo, makocha na wazazi ni watu wanaolala na kula kwa siku saba, na wanalipa kwa dola. Kufunga nyuzi peke yake ni ufundi ambao kijana mwenye mashine moja hujipatia riziki kwa wiki nzima, kwa sababu nyuzi hukatika kila siku na mwenye raketi hawezi kusubiri kesho.

Champaign, siku ya pili ya orodha kuu ikiisha, wachezaji 16 huwa wamekwisha kutolewa. Wenye gari huondoka usiku huo huo. Wasio na gari hutafuta wa kuchangia naye mafuta, au hubaki kama kuna aliyekubali kucheza nao wawili wawili, maana huko nako kuna dola chache. Kisha hufungua ratiba kutazama gulio la wiki inayofuata liko wapi, na nauli ni kiasi gani.